Lubumbashi–Kinshasa: Ni Safari ya Saa Ngapi?

Ukipata tikiti ya ndege ya kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa, iangalie muzuri. Labda wameandika: kuondoka 10:00, kufika 11:15. Kijana wako anafurahi: "Baba, ni saa moja na robo tu!" Hapana. Ndege yetu haina mbio namna hiyo.

Tangu uwanja wa Luano mpaka N'djili, kwa njia ya anga, kuko karibu kilometa 1,550. Ndege kubwa ikiwa juu inakimbia karibu kilometa 800 kwa saa moja. Ongeza wakati wa kupanda na wa kushuka, utapata saa mbili na robo hivi. Basi ile saa moja ilipotea wapi? Haikupotea. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Sisi tukisema saa nne ya asubuhi, kwao ni saa tatu, kwa maana jua linatutokea sisi kwanza. Kananga na Mbuji-Mayi wanafuata saa yetu. Wakati wa kurudi ni kinyume: unaondoka 13:00, unafika 16:15, na jamaa wanaokungoja wanalaumu rubani bure.

Utasema, ni neno dogo. Si dogo kwa watu walio na matanga. Mutu wa Likasi anafiwa na baba yake kule Kinshasa, anapiga telefoni: "Nitafika saa tano, muningoje." Saa tano ya wapi? Sanduku liko tayari, gari limelipwa, wazee wanaanza kugombana, na muzaliwa wa kwanza angali juu ya mawingu.

Tena saa za ndege si saa za safari. Anayetoka Kolwezi ana kilometa 300 za barabara mbele ya kuona Luano, katikati ya magari makubwa ya madini. Akishuka N'djili, mji ungali mbali kama kilometa 25, na kwenye Boulevard Lumumba magari yanaweza kusimama mpaka utamani kutembea kwa miguu. Kwa hiyo hesabuni siku nzima. Na feza ya njia hiyo iwekwe pembeni mapema. Nimeona jamaa wakiuza baiskeli na cherehani kwa kununua tikiti, mutoto akafika bila hata feza ya teksi.

Babu zetu walihesabu kwa majuma. Gari la moshi lilifika Lubumbashi mwaka 1910, likitoka kusini, na mwaka 1928 reli ikafika Ilebo. Kutoka pale, watu walipanda mashua kwenye mto Kasai, karibu kilometa 800 tena mpaka Kinshasa. Reli ya kuunganisha Ilebo na Kinshasa haikujengwa kamwe. Barabara nayo inapita kilometa 2,000, na wakati wa mvua matope yanameza makamio. Ndiyo sababu maskini wetu wanakosa njia ya katikati: ni ndege ya bei kali, ao ni kubaki. Hilo linaniuma kuliko mambo ya saa.

Kama kanisa linachanga kwa ajili ya mutu mmoja, aende yule anayehitajiwa kweli kule, hata kama si yeye mwenye cheo. Na mukimupigia telefoni, museme wazi: saa ya Lubumbashi, ao saa ya Kinshasa.