Ajali Kazini Huumiza na Moyo

Mwaka 1998 maji ya mvua yalijaa kwenye mashimo ya machimbo ya Mirerani. Wachimbaji wengi walikufa.

Aliyenusurika katika ajali ya namna hii huweza kukosa usingizi, kuota ajali ile na kushtuka ovyo. Huu si uvivu, wala hakurogwa. Ni jeraha la moyo lisiloonekana.

Kazi nayo huharibika. Mwenye hofu hukosea, huumia tena au huacha kazi. Wenzake nao huogopa.

Tufanye nini? Tumsikilize, tusimcheke. Asitafute usingizi kwa pombe. Mwezi ukipita bila nafuu, aende zahanati. Akisema heri afe, mpelekeni siku hiyo hiyo. Msimamizi naye aondoe hatari kwanza, ndipo watu warudi kazini.