Kwa nini king'amuzi chako hakihamii kampuni nyingine

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

MITAMBO ya matangazo ya analojia ilipozimwa mjini Mbeya Aprili 30, 2013, miezi minne baada ya Dar es Salaam, wenye televisheni za zamani walilazimika kununua ving'amuzi ili waendelee kutazama.

Hata hivyo, kifaa ambacho mwananchi amekilipia hupokea matangazo ya kampuni iliyokiuza tu. Akihamia kampuni nyingine, hununua kingine na cha kwanza hubaki kabatini.

Sababu ni mbili, na ni vema zikatofautishwa.

Ya kwanza ni ya kiufundi. King'amuzi cha antena hupokea mawimbi ya minara ya ardhini, na cha dishi hupokea ya satelaiti. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa milima huzuia mawimbi ya minara, hivyo familia inayohamia bondeni Kilolo inaweza kulazimika kuacha antena na kununua dishi. Hapo hakuna wa kulaumiwa.

Ya pili ni kufuli. Kampuni huyafunga matangazo yake kwa namba za siri kabla ya kuyarusha, na ufunguo huwekwa katika kadi au ndani ya king'amuzi. Programu ya kifaa nayo hufungwa kiwandani, mmiliki asiweze kuibadilisha. Ndiyo maana ving'amuzi viwili vya dishi vya kampuni tofauti haviwezi kushika nafasi ya kimoja na kingine, hata vikiwa na uwezo sawa.

Wauzaji hutetea kufuli kwamba huzuia wizi wa matangazo. Kwa chaneli za kulipia, hoja hiyo ina uzito.

Lakini udhaifu wa mmiliki ulidhihirika mwaka 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozitaka DStv, Zuku na Azam kuacha kuonyesha chaneli za ndani zisizolipiwa, kwa kuwa leseni zao zilikuwa za matangazo ya kulipia. Dishi halikuharibika, ila mtazamaji alihitaji king'amuzi cha pili.

Nchini India, mamlaka ya mawasiliano (TRAI) ilipendekeza mwaka 2020 kwamba king'amuzi kimoja kiweze kutumika kwa kampuni tofauti.

Kwa mnunuzi wa Mbeya au Iringa, maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ni mawili: malipo ya mwezi yakiisha, kifaa kitaonyesha nini? Na nikihama kampuni, kitanifaa kwa lipi?