Nyanya, Dirisha na Meza: Mazoezi ya Picha za Karibu Nyumbani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya, akishaupanda Mlima Kitonga, huipita Ilula kabla hajafika Iringa mjini. Mji huu wa Wilaya ya Kilolo hujitambulisha wenyewe kwa matenga ya nyanya na vitunguu yaliyopangwa kandokando ya lami. Katika nyumba za huko hakuna uhaba wa vitu vidogo vya kuweka mezani na kuvipiga picha, na simu yenye kamera si ajabu tena. Kinachokosekana ni mazoezi, na upungufu huo hudhihirika siku picha inapohitajika kwa jambo zito: upele wa mtoto mchanga, kidonda kisichopona, au lebo ya chupa ambayo mtu amekunywa kilichomo ndani yake. Picha hizo aghalabu hupigwa usiku, kwa mkono unaotetemeka, na tabibu aliye mbali huletewa ukungu.

Afadhali basi mkono ujifunze mapema, kwa kitu kisicho na haraka. Nyanya inafaa, kwa kuwa ni mwalimu mkali. Ganda lake hung'aa, umbo lake ni la mviringo, na rangi yake hudanganya upesi. Chini ya balbu yenye mwanga wa njano, wekundu wake huelekea rangi ya chungwa. Ikipigwa kwa flashi hutokea doa jeupe juu ya ganda, na chochote kilichokuwa mahali pa doa hilo hupotea. Nyanya hiyohiyo isogezwe karibu na dirisha mnamo saa tatu asubuhi, pasipo jua la moja kwa moja, mwanga ukiingia kwa ubavuni. Itaonekana kama ilivyo: mikunjo ya karibu na kikonyo, michirizi, hata tundu la sindano. Karatasi nyeupe ikitandazwa chini yake husaidia kamera kukadiria rangi, na nyingine ikisimamishwa upande wa pili hurudisha mwanga na kulainisha kivuli. Kanga yenye maua mekundu au turubai la bluu havifai kuwa mandhari, maana kamera hujaribu kuzisawazisha rangi hizo na kukiharibu kitu chenyewe.

Kosa linalofuata ni kukaribia mno. Simu nyingi haziwezi kukilenga vizuri kitu kilicho chini ya sentimita 10 hivi kutoka kwenye lenzi, na kadiri kamera inavyosogea, ndivyo sehemu inayoonekana kwa ukali inavyozidi kuwa nyembamba, hata kikonyo kikawa wazi ilhali ubavu wa nyanya umezama katika ukungu. Dawa yake ni kurudi nyuma kidogo, kugusa kwenye kioo mahali panapotakiwa kuonekana, kuuegemeza mkono juu ya rundo la madaftari, kisha kupiga. Kingo zisizotakiwa zitakatwa baadaye. Kukuza kwa vidole viwili, katika simu za bei ya chini, hakuongezi habari yoyote ila hutanua tu nukta zilizokwisha kunaswa.

Baada ya nyanya huja jani lake. Nondo mdogo aitwaye Tuta absoluta, ambaye wakulima wamempa jina la kanitangaze, alibainika nchini Tanzania mwaka 2014. Kiwavi wake hula nyama ya jani katikati ya ngozi zake mbili, akaacha mabaka yanayopitisha mwanga. Jani la namna hiyo likiinuliwa mbele ya dirisha, mwanga ukitokea nyuma, njia za kiwavi huonekana, na pengine kiwavi mwenyewe. Ni zoezi zuri la macho, tena lina faida shambani.

Wadudu wa aina hiyo ni miongoni mwa sababu za viuatilifu kufika majumbani, na hapo ndipo ustadi wa mezani unapopata uzito wake. Mzazi aliyembeba mtoto hadi hospitalini akasema tu kwamba amekunywa "dawa ya nyanya" hajamwambia tabibu jambo la kutosha, kwa sababu jina hilo hubeba kemikali zisizofanana. Sumu za kundi la oganofosfati huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu: mate na machozi humwagika, mboni za macho husinyaa, kifua hujaa majimaji, na mgonjwa huhitaji atropini. Sumu za kundi la pairethroidi hazitibiwi hivyo. Parakwati, ambayo ni ya kuua magugu, ina tahadhari ya peke yake, kwani oksijeni ikitolewa pasipo ulazima huzidisha madhara ya mapafu. Dalili humwongoza tabibu, lakini jina la kiambato lililoandikwa kwenye lebo, mara nyingi kwa herufi ndogo kuliko jina la kibiashara, humpunguzia kubahatisha.

Lebo ni ngumu kuipiga kuliko nyanya: imepinda, inang'aa, na maandishi huizunguka chupa. Picha moja haitoshi. Chupa izungushwe kidogo kidogo, kila upande na picha yake, pamoja na ule mstari wa rangi ulio chini, ambao huanza na nyekundu kwa sumu kali zaidi, kisha njano, bluu na kijani. Mazoezi yafanywe kwa chupa ya dawa ya kikohozi au kopo la maziwa, kamwe si kwa chupa ya sumu juu ya meza ya chakula. Lebo halisi ipigwe picha siku ya kununua, nje ya nyumba, kabla haijalowa wala kuchanika. Ajali ikitokea, asiwepo wa kukaa nyumbani akitafuta mwanga mzuri: mgonjwa asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitalini mara moja, na picha iliyokwisha kuhifadhiwa iende naye.

Kwa ngozi, kanuni ni zilezile, ila lipo la kuongeza. Wekundu wa uvimbe hauonekani sawasawa katika ngozi nyeusi. Huweza kuwa zambarau, kahawia iliyokolea au weusi tu. Kwa hiyo mwanga wa ubavuni, ule uliofichua mikunjo ya nyanya, ndio unaoonyesha kama upele umeinuka au umelala. Kamera nazo hazikuanza na haki. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizoitwa Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba kampuni ya Kodak ilisukumwa kuboresha unasaji wa rangi za kahawia kwa sehemu kubwa na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zionekane vyema. Inashangaza, na kidogo inauma, kwamba kipande cha chokoleti kilisikilizwa kabla ya uso wa mtu.

Anayempigia tabibu picha ya kipele apige tatu: moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili, moja ya karibu, na moja ya kutoka ubavuni, rula ya mkebe wa jiometri ikiwa kando kama kipimo. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanza mwaka 1992 katika eneo la KCMC, Moshi, hufundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, lakini Moshi ni mbali na Ilula, na picha iliyo wazi husafiri upesi kuliko basi. Picha hiyo haimwondolei mgonjwa haja ya kuonwa na kuguswa. Uso usiingie pale usipohitajika, na mwenye mwili, au mzazi wake, aridhie kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Itumwe kwa tabibu mwenyewe, si kwenye kundi la ukoo, na ikishafanya kazi yake ifutwe kwenye simu.