Sindano ya prostati: joto la usiku si malaria kila mara

Wazee wengi wenye kanseri ya prostati wanapewa sindano za kupunguza testosteroni, homoni ya kiume, sababu ndiyo inalisha ile kanseri. Homoni ikishuka, mwili unabadilika: joto la gafla usoni na kifuani, jasho usiku, uchovu, kitambi, hamu ya tendo la ndoa kupungua. Joto hilo haliletwi na malaria. Lakini termometa ikionyesha homa, nenda upimwe.

Kisichoonekana ni mifupa. Inalegea polepole, na kuanguka kidogo tu kunaweza kuvunja nyonga. Baba, tembea kila siku, kula sambaza nzima na mifupa yake, acha tumbaku. Na usikate sindano kimyakimya: ongea na munganga kwanza.