Uvimbe Ukinywea, Limfoma Bado Ipo

Kipindi cha kuogopwa zaidi katika matibabu ya limfoma ni kile cha nafuu. Mgonjwa amepata dripu ya kwanza, pengine na ya pili. Mitoki ya shingoni iliyokuwa imejaa mkono imenywea, homa za usiku zimekoma, chakula kinapita, na wanaokuja kumjulia hali wanamwambia kwamba sasa amepona. Tarehe ya kurudi hospitali inafika akiwa anajisikia mzima kuliko alivyokuwa miezi kadhaa nyuma, na safari ya kwenda kuchomwa dawa itakayomtapisha na kumnyonyoa nywele inaanza kuonekana haina maana. Mtu anayeacha dawa hapo hafanyi hivyo kwa ujinga, maana anafuata mantiki iliyomwongoza vizuri katika maradhi mengine mengi. Hoja ya makala haya ni kwamba kwa limfoma mantiki hiyo inadanganya. Nafuu ya mapema ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, lakini haisemi lolote kuhusu kazi iliyobaki.

Limfoma ni saratani inayoanzia kwenye limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Kwa kuwa chembe hizo hukaa kwa wingi kwenye mitoki, wengu na uboho, ugonjwa hujitokeza mara nyingi kama uvimbe usiouma shingoni, kwapani au kwenye kinena. Huweza kufuatana na homa, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kukonda kunakozidi asilimia 10 ya uzito katika miezi sita. Atakayeisoma orodha hiyo hapa Afrika Mashariki atafikiria kwanza kifua kikuu cha mitoki, na hatakuwa amekosea kufikiria hivyo, kwa sababu dalili zinafanana mno. Tatizo huja pale mgonjwa anapoanzishiwa dozi ya kifua kikuu bila kuchukuliwa kipande cha nyama, kisha miezi ikapita saratani ikiendelea kukua. Darubini ndiyo inayoamua ubishi huo. Wapo wanaoogopa kwamba kisu kikigusa uvimbe kinasambaza saratani, lakini kwa limfoma hofu hiyo haina msingi. Limfosaiti husafiri mwilini kwa asili yake, na bila kipimo cha kinyama daktari hajui hata ni limfoma ipi anayoitibu, ilhali aina zake ni nyingi na dawa zake hazilingani. Nalitaja hili kwa sababu ucheleweshaji huo una deni linalolipwa baadaye. Familia inafika kwenye dripu ya kwanza ikiwa imeshauza mbuzi, imeshakopa, na imeshachoka. Ikiona nafuu, inaishika kama ruhusa ya kupumzika.

Kwa nini basi nafuu hiyo isiaminiwe? Sehemu ya jibu ilipatikana Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa Hospitali ya Mulago, alimwona mwaka 1957 mtoto mwenye uvimbe kwenye pande zote nne za mataya, na mwaka uliofuata akaandika kuhusu ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika wakipita hospitali moja hadi nyingine. Walichokiona ni kwamba ugonjwa huo unapenda nyanda za joto na mvua, kulekule malaria inakoshamiri, na unakwepa miinuko ya baridi. Sampuli zilizotoka Kampala ndizo zilizowawezesha Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong kukitambua mwaka 1964, huko London, kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho wamekipata karibu watu wazima wote duniani. Kikikutana na malaria ya mara kwa mara kwenye mwili wa mtoto mdogo, hatari ya limfoma ya Burkitt hupanda.

Mulago ya wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi, na taya la mtoto haliwezi kukatwa lote. Burkitt akabaki na dawa tu, nyingine akipewa bure na kampuni zilizozitengeneza. Matokeo yaliwashangaza hata waliozitoa: uvimbe uliokuwa umeng'oa meno ya mtoto uliyeyuka kwa siku chache. Mwaka 1967 kikafunguliwa hapohapo kituo cha kutibu limfoma, kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambako John Ziegler kutoka Marekani na wenzake wa Uganda, akiwemo Charles Olweny, walijaribu dawa kwa mpangilio na kuwafuatilia watoto kwa miaka. Ufuatiliaji huo ndio ulioonyesha upande wa pili wa ile furaha. Baadhi ya watoto waliokuwa wamesafika kabisa kwa macho walirudi na ugonjwa, mara nyingine ukiwa umejificha kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo, mahali ambapo dawa nyingi za mshipani hazifiki vizuri. Ndiyo sababu hadi leo mtoto mwenye limfoma ya Burkitt huchomwa sindano ya dawa mgongoni hata kama taya limeshanyooka. Wazazi wengi huiogopa sindano hiyo kuliko zote, na wengine huikimbia.

Sababu ya ugonjwa kurudi ni ya kihesabu, na hesabu yenyewe inaeleweka bila kuwa daktari. Uvimbe wa sentimita moja una chembe za saratani zinazokadiriwa kufikia bilioni moja. Katika miaka ya 1960 Howard Skipper na wenzake huko Alabama, wakitumia panya wenye saratani ya damu, walionyesha kwamba dozi moja ya dawa huua sehemu fulani ya chembe zilizopo, si idadi maalumu. Tuseme kila mzunguko wa dawa, yaani kila dripu, unaua chembe 99 katika kila 100. Kutoka bilioni moja zinabaki milioni 10, kiasi ambacho kidole hakiwezi kukigusa na mgonjwa hawezi kukihisi. Mzunguko wa pili unaacha 100,000, wa tatu 1,000, wa nne 10, na wa tano ndio unaoanza kutoa tumaini kwamba hakuna iliyobaki. Mwili wa binadamu haufuati hesabu safi kiasi hicho, kwa kuwa chembe nyingine huzaliana katikati ya mizunguko na nyingine hujifunza kuikwepa dawa, lakini mwelekeo ni huohuo: nafuu yote inayoonekana kwa macho hupatikana mwanzoni, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika pasipoonekana. Mkulima aliyewahi kupambana na ndago anajua shamba linavyoweza kuonekana safi na bado likawa limejaa. Limfoma ya Burkitt ni mojawapo ya saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote, na chembe zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja hadi mbili. Kwa hesabu hiyo, milioni 10 zilizoachwa baada ya dripu ya kwanza zinaweza kurudi bilioni moja ndani ya wiki moja au mbili.

Hapa msomaji makini ana pingamizi, tena zuri. Burkitt mwenyewe aliripoti watoto waliopona kwa dozi moja au chache tu. Ni kweli, na ilikuwa habari kubwa wakati wake. Waliobahatika hivyo walikuwa wachache kati ya waliotibiwa, na hakuna aliyeweza kusema mapema ni mtoto yupi angekuwa mmoja wao. Ugonjwa uliosambaa tumboni, kwenye uboho au kwenye ubongo haukutii dozi moja. Isitoshe, saratani inayorudi baada ya dawa kuachwa njiani mara nyingi ni ngumu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu zilizosalia ni zile chembe zilizoistahimili dawa. Kuacha kwa matumaini ya kuwa miongoni mwa wale wachache ni kamari ambayo mshindwa harudishiwi dau lake.

Pingamizi la pili ni kwamba dawa zenyewe ni sumu. Sitalikanusha. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa kemikali za aina hii, Marekani mwaka 1942, alikuwa na saratani ya mitoki, na dawa aliyopewa ilikuwa na undugu na gesi ya haradali iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Saiklofosfamaidi ya leo inatoka kwenye ukoo huohuo. Vinkristini, inayoleta ganzi vidoleni na kufunga choo, inatokana na mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi au meupe ambao watu hupanda uani kama pambo. Wanaodai kwamba mitishamba ingetosha wakumbuke kuwa huu nao ni mtishamba, ila huhitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja ya dawa, na kipimo kikizidi kidogo kinaua. Saiklofosfamaidi na vinkristini zikiunganishwa na doksorubisini, inayofanya mkojo uwe mwekundu siku ya kwanza na kuwatisha wasioambiwa mapema, pamoja na vidonge vya predinisoloni, zinaunda mpangilio uitwao CHOP, unaotumika kwa limfoma nyingi za watu wazima. Kwa kawaida hutolewa kila baada ya siku 21, mara nyingi mizunguko sita, na panapowezekana huongezewa dawa nyingine, rituksimabu.

Siku hizo 21 nazo zina maana yake. Chembe nyeupe za damu hushuka hadi chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, kisha hupanda tena. Katika dirisha hilo homa ya digrii 38 ni dharura ya usiku huohuo. Si ya kumeza panadol na kungoja kukuche, wala ya kununuliwa dawa ya malaria duka la pembeni, kwa sababu mwili hauna askari na bakteria anaweza kuua kwa saa chache. Ukweli ambao hospitali zetu huwaambia wagonjwa kwa haraka mno ni huu: mtu wa limfoma huingia wodini akiumwa ugonjwa, na kufikia mzunguko wa tatu anaumwa dawa. Anachokihisi kinamwambia aache, na asipokuwa ameelezwa mapema, ni kwa nini asikisikilize?

Wengine watauliza: mbona madaktari wenyewe wanapunguza mizunguko? Wanapunguza, na wana ushahidi. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kwa limfoma ya Hodgkin iliyo katika hatua za mwanzo, isiyo na viashiria vya hatari, mizunguko miwili na mionzi kidogo ilitosha. Mwingine wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watu wazima wasiozidi miaka 60 wenye limfoma ya chembe B kubwa isiyo na vihatarishi wanaweza kupewa minne badala ya sita, wakamalizia na rituksimabu peke yake. Zipo hata limfoma za polepole ambazo daktari huziangalia tu kwa miaka bila kutoa dawa. Lakini huko kupunguza kumepangwa kabla ya dripu ya kwanza, kwa aina ya ugonjwa iliyojulikana na hatua iliyopimwa. Kupapasa shingo asubuhi na kukuta pametulia si kipimo cha aina hiyo.

Pingamizi zito kuliko yote halihusu sayansi. Watu huacha matibabu kwa kukosa nauli. Mama anayetoka Kigoma kwenda hospitali za Bugando au Ocean Road na mtoto mgongoni ameacha shamba na watoto wengine nyumbani, na kila mzunguko unamdai tena nauli, mahali pa kulala na chakula, hata pale dawa inapotolewa bure. Mtoto aliye katika nchi tajiri ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 80 kupona saratani. Katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30, na Shirika la Afya Duniani linautaja uachaji wa matibabu kuwa mojawapo ya sababu. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la kufikisha angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030, na limfoma ya Burkitt imo kati ya saratani sita lilizozitanguliza. Pingamizi hili halivunji hoja yangu. Linaikamilisha. Kama mzunguko wa tano una uzito uleule wa kwanza, basi nauli ya mzunguko wa tano ni sehemu ya dawa, na bajeti ya wizara au kifurushi cha bima kinachonunua chupa ya doksorubisini bila kufikiria mgonjwa atafikaje kuichomwa kimenunua nusu ya tiba. Nyumba za kulala wagonjwa karibu na hospitali na karani anayempigia simu asiyetokea siku yake ni gharama ndogo mbele ya dawa zitakazohitajika ugonjwa ukirudi.

Basi, ukienda kumwona ndugu au jirani mwenye limfoma ukamkuta amenenepa na uvimbe haupo, furahi naye, ila usimwambie amepona. Muulize tarehe ya dripu inayofuata ni lini, nauli imefika ngapi, na nani atakaa na watoto siku hiyo.