Dawa Ipimwe kwa Inakokwenda

Kila inapobuniwa molekuli au chembe nano ya kutibu saratani, kinachosifiwa ni makali yake. Naona sifa hiyo haijaelekezwa panapostahili. Sumu za kuua seli zipo tele. Kazi ni kuzifikisha kwenye uvimbe bila kuvidhuru viungo vizima. Ndiyo maana molekuli ambayo njia yake mwilini inaweza kupigwa picha kabla ya tiba ina thamani kuliko yenye makali matupu.

Tuangalie saratani ya tezi dume. Seli zake nyingi hubeba kwa wingi, juu ya utando wake, protini iitwayo PSMA. Huko Heidelberg, Ujerumani, ilibuniwa molekuli ndogo ya PSMA-617: upande mmoja hunasa protini hiyo, mwingine hushika atomu yenye mionzi. Molekuli ya ukoo huohuo ikibeba galiamu-68, ambayo hupungua nusu kila dakika 68, kipimo cha picha kiitwacho PET huonyesha uvimbe hata uliojificha mifupani. PSMA-617 ikibeba lutetiamu-177, inayopungua nusu kwa siku zipatazo 6.6, mionzi hupenya milimita chache tu na kuua seli zilizo karibu. Katika jaribio la VISION, wagonjwa 831 walichaguliwa kwanza kwa picha hiyo. Nusu ya waliopangiwa dawa hiyo ya lutetiamu waliishi zaidi ya miezi 15.3; kwa wenzao wasiopangiwa ilikuwa 11.3. Marekani iliiidhinisha mwaka 2022.

Miezi minne ni michache, mtu atasema. Ni kweli, lakini hao walikuwa wagonjwa ambao saratani ilishasambaa na tiba za homoni na kemikali zilishashindwa. Tena dawa yenyewe hupotea njia: tezi za mate nazo huinasa, mdomo ukakauka. Kasoro hiyo huonekana pichani, kwa hiyo wabunifu wanajua pa kurekebisha.

Chembe nano zimepata shida zaidi. Uchambuzi wa tafiti za miaka kumi, uliotoka 2016, ulikuta kiwango cha kati kinachofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 tu ya dozi. Sehemu kubwa huishia kwenye ini na wengu. Hata Doxil, dawa ya chembe nano iliyoidhinishwa Marekani 1995, faida yake kubwa haiko katika makali: kifuko chake cha mafuta hupunguza madhara ya doksorubisini, dawa iliyomo ndani yake, kwenye moyo.

Basi ukisikia chembe mpya imesinyaza uvimbe wa panya, uliza kwanza ini na figo zake zilionekanaje pichani.