Nani Atangulie Katika Foleni?

Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Usemi huo ulikuwa tahadhari kwa mnyonge, wala haukuwa kanuni ya kuendeshea huduma za umma. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanazikumbuka foleni za sukari na sabuni: aliyedamka alfajiri aliweza kurudi mikono mitupu, ilhali mwenye kujuana alipewa kwa mlango wa nyuma. Tangu hapo wengi wetu tunaamini kwamba haki ya foleni ni moja tu: aliyetangulia kufika atangulie kuhudumiwa. Je, ni hivyo daima?

Tuseme ni asubuhi ya baridi huko Malindi, wilayani Lushoto, katika zahanati yenye mhudumu mmoja. Kwanza amefika mkulima mwenye kidonda cha kusafishwa na kufungwa, kazi ya dakika 30. Nyuma yake wako akina mama watatu waliofuata dawa, dakika 5 kila mmoja. Kwa zamu ya kufika, akina mama hao watasubiri dakika 30, 35 na 40, jumla 105. Wakitangulia wao, wa kwanza hasubiri, wa pili atasubiri 5, wa tatu 10 na mkulima 15, jumla 30. Kazi yote ni dakika 45 zile zile. Kilichobadilika ni mpango tu.

Elimu hii ina historia. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika shirika la simu la Copenhagen, alichapisha hesabu za msongamano wa simu. Mwaka 1954 Alan Cobham akakokotoa foleni yenye madaraja.

Lakini hesabu hizo pia zinatuonya. Wakizidi kuja wa dakika 5, mkulima yule ataketi kwenye benchi hadi jioni, na mlima wa kupanda kurudi kwake bado unamngoja. Hiyo ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia. Dawa yake inajulikana: daraja la mtu lipande kadiri anavyosubiri, hata ifike saa ambayo hapitwi tena.

Tena uko wakati ambapo urefu wa kazi si hoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unawagawa watoto wagonjwa makundi matatu: wa dharura, wa kutangulizwa, na wanaoweza kungoja. Mtoto mwenye degedege hapangi foleni. Mzee wa miaka 60 na zaidi, anayetambuliwa na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, naye astahili kupishwa.

Kwa hiyo hatuna budi kudai kanuni iandikwe ukutani, kwa Kiswahili chepesi, ili anayepitwa ajue amepitwa na nani na kwa sababu gani. Upendeleo uliotangazwa na wenye mpaka ni insafu. Uliofichwa ni ule ule mlango wa nyuma. Wala tusisahau kwamba kupanga foleni si badala ya kuongeza wahudumu.

Mwenye nguvu tumempisha vya kutosha. Sasa tumpishe mwenye haja.